Perege Katika Maji ya Baridi

Nilisomea kombe. Hapa Mbulu nikisema hivyo watu huuliza ni kombe la ligi gani, kwa hiyo nimezoea kueleza: yule kiumbe wa baharini mwenye maganda mawili yenye mikunjo kama ya sketi ya shule. Chuoni, kule pwani, nilimfuga kwenye mabeseni, nikawa napasha maji joto kidogo kidogo na kuangalia anavyodhoofika. Kombe mwenye afya ukimgusa hupigapiga maganda yake na kuruka kinyumenyume. Aliyezidiwa na joto hukaa wazi tu, na ukimgusa hujifunga taratibu, kama mgonjwa wa homa anayeitwa kutoka usingizini. Niliipenda kazi ile. Ajira ilipotoka nikapangiwa Mbulu, mlimani, ambako mvua ikikatika unaingia ukungu, na bahari ni jambo la kwenye ramani.

"Samaki ni samaki," mkuu wangu wa kazi aliniambia siku nilipomweleza nilichosomea.

Nikawa bwana samaki. Wiki chache baadaye nikasikia kwamba wakulima watagawiwa vifaranga vya perege. Nikaenda ofisini kwake kumwambia kwamba perege ni samaki wa maji ya joto, kwamba miezi ya baridi ya huku itamfanya aache kula, adumae, na akipata shida nyingine juu ya hiyo atakufa.

"Vifaranga viko njiani," alinijibu bila kuinua macho kutoka kwenye simu. "Unataka tulirudishe gari?"

Sikutaka gari lirudi. Nilitaka kuulizwa kabla halijaondoka.

Bwawa lililonipa taabu zaidi lilikuwa Endagikot, kwa mama mmoja mjane aliyelichimba na wanawe kwenye kipande walichokuwa wakilima viazi. Alikuwa mtu mzima, mpole, na alimpenda kila kiumbe aliyekuwa kwake. Mifugo yake ilikuwa imenenepa. Samaki walipokataa kunenepa alidhani wana njaa, akawaongezea pumba, na mbolea ya ng'ombe, na ugali uliobaki.

"Shikamoo mama," nilimwambia kila nilipofika.

"Marahaba mwanangu. Watoto wako hawali."

"Hawali kwa sababu ya baridi, mama. Chakula wasichokula kinazama, kinaoza, na kikioza kinamaliza hewa ndani ya maji. Naomba usiwape mpaka jua lirudi."

"Niwaache na njaa?"

"Ndiyo."

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa asimnyonyeshe mtoto. Kwenye semina, kabla sijahamia huku, alikuwa ameambiwa kwamba maji yakiwa ya kijani kibichi ndiyo mazuri, kwa hiyo atie mbolea. Aliyemfundisha alitoka sehemu za joto na hakurudi tena. Mimi, niliyekuwa nikija na pikipiki ya kukodi na kipimajoto changu mwenyewe, ndiye niliyeonekana mbishi. Kifaa cha kupima hewa ndani ya maji nilikiomba tangu nilipofika. Kila mara niliambiwa kiko kwenye mchakato.

Mwezi wa saba mawingu yalikaa mfululizo, jua halikuonekana, na bila jua ule ukijani wa majini hautengenezi hewa. Asubuhi moja, sijanywa hata chai, mama akapiga simu.

"Bwana samaki, samaki wote wamekuja juu. Wanafungua midomo."

Gari la ofisi lilikuwa limeenda kupokea wageni waliokuja kukagua mradi wa samaki. Nikachukua bodaboda, nikafika meno yakigongana. Ukungu ulikuwa umelala juu ya bwawa, na chini yake midomo midogo ilikuwa imejaa, inafunguka na kujifunga. Wengine walikwishageuka matumbo juu. Nilitikisa mkono juu ya maji, hawakushtuka. Hapo ndipo nilipowakumbuka kombe wangu kwenye mabeseni. Hali ilikuwa ileile, ya kiumbe asiye na nguvu hata ya kuogopa.

"Tuwape nini?" mama aliuliza.

"Maji mapya. Mfereji uko wapi?"

Mfereji ulikuwa umezibwa kwa juu. Jirani alikuwa akimwagilia vitunguu saumu. Nilipanda kwake nikikimbia, na kwenye mwinuko ule pumzi ilinikata vibaya. Nilimsalimia, nikamwomba afungulie.

"Zamu yangu haijaisha," alisema, jembe mkononi. "Samaki wanakunywa maji kiasi gani?"

"Hawanywi. Wanapumulia humo, na pumzi imeisha. Njoo uone mwenyewe."

Nilidhani atakataa. Alishuka nami, akasimama ukingoni, akaitazama ile midomo kwa muda. Kisha akasema kitu kwa Kiiraqw ambacho mama hakunitafsiria, akarudi juu akazibua. Maji yakaja yakiruka kwenye mawe. Mimi na mama tuliingia bwawani hadi kiunoni, tukayapiga kwa mabeseni ili yashike hewa. Miguu yangu ilikufa ganzi. Mama alikuwa akilia huku anapiga, na hakuacha kupiga.

Kabla ya saa sita midomo ikaanza kuzama, mmoja mmoja. Tulipowaokota waliokufa tuliona wamezidi waliopona. Walikuwa wadogo mno hata kukaanga, mama akawafukia kwenye shamba la mahindi.

"Ulinikataza," alisema akijifuta mikono kwenye kanga. "Nikaona huna huruma."

Hasira yangu haikuwa juu yake.

Kesho yake nilimweleza mkuu yote: baridi, mawingu, uozo, mfereji. Nikasema waliobaki wavunwe, na mwakani wakulima wa maeneo ya baridi wasipewe perege. Alinisikiliza vizuri, lazima niseme hivyo. Kisha akasema wageni wa jana wameupenda mradi, na vifaranga vingine vimeshaagizwa.

"Vya samaki gani?"

"Perege," alisema. "Na Jumatatu jiandae, unaenda Gehandu kusaidia chanjo ya mbuzi. Watu wa mifugo wamepungua."

Jumatatu nikaenda. Nilishika mbuzi kutwa nzima kwenye vumbi, nikiwabana miguu ili mwenzangu achome sindano, na kila aliyepita alinisalimia kwa heshima, "Habari za kazi, daktari."