Mtihani Wangu kwa Mwalimu wa Chuo

Neno mtihani nililisikia mara ya kwanza siku nilipopeleka posa. Hapa Rumonge, kando ya ziwa, enzi hizo za Wadachi, yaani Wajerumani, sisi wapiga kasia hatukuwa nalo. Kwetu mtu alijaribiwa tu: anapewa kasia, akifika bandari ya Nyanza bila kulia, basi, anafaa.

Baba wa binti, mwalimu wa chuo cha Kurani aliyehamia kutoka Ujiji, akanitazama juu mpaka chini. "Ijumaa, baada ya swala, nitakufanyia mtihani."

Nikamuuliza ndiyo nini. Akafurahi kuulizwa, kawaida ya walimu. Ni neno la Kiarabu, akasema, na asili yake iko kwa mfua fedha: anaitia fedha motoni apate kujua ni safi au imechanganywa. Askari mmoja wa Wadachi alikuwa ameshaleta posa yake, na ana viatu. Nikishindwa mimi, binti ni wake.

Sura aliyoitaka mwalimu niisome kwa moyo siku hiyo niliijua. Nilifundishwa mtumbwini na nahodha wetu: mmoja anatoa aya, wengine wanaitikia, huku tunavuta kasia. Tulisoma hivyo miezi na miezi, kwenda Muhuta na kurudi.

Ijumaa nikaketi mkekani mbele ya mwalimu na wazee wawili. Nikasoma aya ya kwanza, nikanyamaza. Mikono ikaanza kuvuta kasia lisilokuwepo, mzee mmoja akakisogeza kikombe chake.

"Endelea," mwalimu akasema.

"Nangoja waitikie, mwalimu."

"Akina nani?"

"Wenzangu."

Mzee wa pili akajiziba mdomo kwa kanzu, mabega yanamtikisika. Mimi aya ya pili siioni kabisa. Bila kuitikiwa haiji, na sikuwahi kulijua hilo mpaka siku ile. Aibu niliyoipata, we acha tu.

Hapo sauti ikatoka nyuma ya pazia, ikairudia aya yangu polepole. Binti mwenyewe. Ya pili ikanijia; akaitikia. Ya tatu, akaitikia. Tukaenda hivyo mpaka mwisho, nimelowa jasho.

Mwalimu hakuniangalia mimi. Aliliangalia pazia.

"Mwanangu, nani kakuambia uitikie?"

"Hakuna, baba. Nimeona wamemwacha peke yake."

Mwalimu akawageukia wale wazee. Akawaambia wapite kwa askari, wamwambie asihangaike tena.