Hisa Zimesimama

Neno la kwanza kutushinda lilikuwa jina la biashara yenyewe. Tulikuwa watu wanne ghorofani, juu ya duka la vitambaa katikati ya jiji, Jumamosi saa saba mchana. Karatasi nilizishika mimi kwa sababu nilikuwa karani wa mawakili, na Kiingereza changu kilisifiwa kuliko kilivyostahili. Nilikuwa nimezichapisha saiba, kwenye duka la intaneti. Zilihusu kampuni moja ya kusini mwa Afrika tuliyotaka kununua hisa zake, ambayo haikuchimba chochote. Ilichukua tope lililotupwa na mgodi, ikaliosha upya kwa dawa, ikatoa platinamu iliyoponyoka mara ya kwanza. Nami niliona ndani ya neno la Kiingereza la tope hilo, tailings, mna mkia, basi kwa wiki mbili tulijadili mikia ya platinamu kwa nyuso kavu kabisa.

Aliyetutoa kwenye ujinga huo ni mwenye duka, mzee wa pwani tuliyemwita Ami. Alinisikiliza, akaweka kikombe chini, akasema hayo ni machicha. Nazi ukishaikuna ukaikamua tui, yanayobaki ndani ya kifumbu ndiyo machicha. Wengi huyatupa. Mwenye shida huyatia maji akayakamua tena, akapata tui jepesi, na mchuzi ukaliwa vilevile. Kampuni hii, alisema Ami, imeokota machicha ya wenzake. Siku hiyo sote tulielewa, na tangu hapo hisa zile hatukuziita kwa jina lingine.

Mtu wa tatu alikuwa mwenye nyumba wangu wa Riruta. Mzee huyo hakupenda jambo lolote lichukue muda. Shemeji yake aliishi London na alikuwa na akaunti ya kununulia hisa, kwa hiyo angetununulia sote kwa jina lake. Miaka ile Nairobi nzima ilikuwa imepagawa na hisa. Watu walipanga foleni benki tangu alfajiri kununua hisa za hapa nyumbani, na sisi tulijiona wajanja kwa kuwa zetu zilikuwa za ng'ambo.

Wa nne ni dada yangu mkubwa. Alikuwa amestaafu baada ya kupika jikoni mwa hospitali maisha yake yote ya kazi, na alikuwa amelipwa kiinua mgongo chake. Alikuwa na ploti ndogo Kabiria, na ng'ombe mmoja wa maziwa aliyemsemesha kama mtu. Alitaka jambo moja tu: vyumba vinne vya kupangisha, ili asije akawanyooshea watoto wake mkono uzeeni. Pesa zake zilitosha vyumba viwili. Mimi ndiye niliyemwambia azipumzishe mwaka mmoja kwenye machicha, zizae, kisha ajenge vyote vinne kwa mkupuo. Wazo lilikuwa langu, na sitaki kulizungusha.

Hakujua Kiingereza, lakini hakuwa mtu wa kuburutwa. Alitaka kuja mwenyewe aone pesa zake zinakwenda wapi. Alikaa kwenye kiti karibu na dirisha, mkoba magotini, akatusikiliza tukibishana hadi mwisho. Kisha akauliza.

"Na hiyo machicha ni ya nani?"

Alitueleza sababu ya kuuliza. Jikoni kwao kulikuwa na mtu wa Kangemi aliyekuwa akichukua makombo kulisha nguruwe wake. Alichukua miaka na miaka bila bughudha. Siku mkubwa wa jiko alipogundua nguruwe wale wanauzwa vizuri, makombo yakapata mwenyewe, na mtu wa Kangemi akafukuzwa getini na ndoo zake. Mwenye nyumba wangu aliangua kicheko, akasema mama, hapa tunazungumza madini, si ugali uliolala. Ami alitabasamu. Mimi nilikuwa na karatasi zaidi ya thelathini mkononi, na zile za mwisho, zenye maandishi madogo kama chawa, sikuwa nimezisoma.

"Ni ya kampuni, dada," nikasema. "Imeandikwa."

Alinitazama kidogo, akatikisa kichwa kukubali. Wiki hiyo alitoa pesa.

Miezi ya kwanza ilikuwa mizuri. Kila Jumamosi nilileta maneno ya wanahisa wenzetu wa Uingereza, watu tusiowajua waliokuwa wakibishana kwenye mtandao kwa majina ya bandia. Mmoja alisema bei itapanda maradufu, mwingine akamwita mwenda wazimu kwa adabu zote. Nilitafsiri matusi yao, na Ami alicheka mpaka machozi. Bei ilipanda kweli. Dada alizoea kunipigia simu katikati ya wiki, hata salamu haleti, anauliza tu machicha yanasemaje. Nilijisikia mtu. Nakiri hilo, kwa sababu sehemu kubwa ya yaliyofuata ilitokana nalo.

Halafu ikaja Alhamisi moja. Niliingia saiba saa ya chakula cha mchana nikakuta tangazo fupi. Mwenye mgodi alikuwa amekwenda mahakamani akidai kwamba tope ni lake, na kwamba kampuni yetu ilipewa ruhusa ya muda tu, nayo ameiondoa. Biashara ya hisa zake ilikuwa imesimamishwa. Hakuna kununua, hakuna kuuza. Nilirudi kwenye zile karatasi za maandishi madogo nilizokuwa nimezihifadhi ofisini. Ruhusa hiyo ya muda ilikuwa imeandikwa humo, waziwazi, tangu siku ya kwanza.

Nilimpigia dada jioni hiyo. Nilipiga moyo konde nimwambie yote. Nilipomsikia akimsemesha ng'ombe wake kwanza, eti angoje amalize simu, nikayafupisha.

"Dada, zile hisa zimesimama," nikasema.

"Zimesimama?"

"Zimesimama."

"Asante Yesu," akasema.

Fikiria lilivyo neno hilo. Kazi ikikwama, tunasema imesimama. Lakini mtu anayejenga, akikwambia nyumba yangu imesimama, anakupa habari njema: kuta ziko juu, bado mabati. Dada yangu, mwaka huo mzima, alikuwa na ujenzi tu kichwani. Nilielewa alichoelewa. Nilikielewa papo hapo, simu ikiwa bado sikioni, nami nikamtakia usiku mwema. Nilijiambia nitamrekebisha kesho. Ijumaa ikapita, na Jumamosi ikapita pia, nikijitia hamnazo.

Jumapili tulikuwa kanisani Riruta, mimi benchi la tatu. Wakati wa ushuhuda dada alisimama na kitambaa chake cheupe kichwani. Alisema alikuwa mpishi tu, hakusoma, lakini Mungu amempa ndugu anayemsomea, na sasa pesa ya jasho lake imesimama na atajenga. Mchungaji aliomba makofi ya kilo, yale mazito. Kanisa zima lilipiga. Nilitazama mikono yangu ikipiga pamoja na ya wengine. Aibu niliyoipata pale sijaipata tena, na bado sikufungua mdomo.

Nilikwenda Kabiria Jumanne baada ya kazi. Kwenye ploti nilikuta msingi umechimbwa, mtaro wa magoti kuzunguka pande zote nne, na mawe ya kujengea yamepangwa kando. Dada alikuwa akiwatilia mafundi chai. Nilitazama banda la ng'ombe. Lilikuwa limefagiwa, tupu.

Aliniona nikitazama. Alisema amemuuza jana, kwa mtu mzuri, ili mafundi waanze kabla ya mvua, kwa kuwa hizo nyingine si ziko tu. Alilisema kwa furaha, huku akinitafutia kikombe.

Nilimwambia palepale, mafundi wakisikia. Nilisema hisa zimefungwa, haziuziki, tope lina mwenyewe na mwenyewe amelidai. Nilisema pengine hatutaona hata shilingi. Alimimina chai yangu hadi ikajaa, akaweka birika chini.

"Ulijua lini?"

"Alhamisi. Nilipokupigia."

"Kwa hivyo Jumapili ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Alikaa juu ya mawe. Mafundi walikuwa wameacha kunywa. Nilianza kueleza habari za mahakama na za mwanasheria mmoja ofisini kwetu, akanyanyua mkono ninyamaze.

"Pesa imepotea ya wengi," alisema. "Hata huyo landlodi wako imepotea yake. Lakini wewe ulikaa hapo ukanipigia makofi."

Hakulia. Aliwaambia mafundi wamalize chai yao waende, kesho wasije.

Kampuni ilikufa mwaka huohuo. Mwenye nyumba wangu aliacha kuja kwa Ami, na tulipokutana mlangoni alizungumza habari za maji na takataka tu. Ami aliniambia mara moja, akikunja kitambaa cha mteja, kwamba katika watu wanne mle ghorofani ni mmoja tu aliyeuliza swali la maana, na sisi tulimcheka. Dada alitafuta kazi tena. Alipata kupika kwenye kihoteli cha Kangemi, kusimama mbele ya jiko la mkaa tangu asubuhi, kwa umri ule. Mtaro wa msingi ulijaa maji ya mvua, akapanda nduma humo.

Sikuwahi kukatazwa kwake. Nilikwenda kila baada ya Jumapili mbili, nikapewa chai na nduma zenyewe. Alinisalimia, aliniulizia watoto, na tulizungumza habari za kijiji. Nilidhani, taratibu, kwamba tumevuka.

Siku moja nikiwa nimekaa naye alitoa karatasi mkobani. Ilitoka hospitali, habari za macho yake, kwa Kiingereza. Nilinyoosha mkono kuipokea. Alinipita nayo, akamwita mama jirani, mwuza mboga aliyefika kidato cha pili, aje amsomee. Mama yule alikuja akijifuta mikono, akasoma polepole, akitafsiri kipande kwa kipande, hadi akafika mahali akakwama. Kutoka nilipokaa niliiona karatasi yote. Neno lile nililijua.

"Hili silijui, mama," akasema jirani.

Dada aliipokea karatasi, akaikunja vizuri.

"Asante kwa kusema hujui," alimwambia. "Kesho nitauliza daktari."