Jembe la Lwaboshi Lenye Magurudumu Manne

Katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, hakuna kitu kilichopumzika kama gari la Lwaboshi. Viti alivivika plastiki, na juu ya plastiki akatandaza vitambaa alivyofuma mkewe, Antoinette. Jumapili lilikwenda kanisani, mwendo ambao kuku angeumaliza bila kuhema. Maharusi waliliazima, kwa sharti wasiegemee. Wauza samaki walipoomba awapelekee usipa wao, dagaa wakavu, hadi Lilongwe, aliwajibu kwa upole wa askofu kwamba gari lake halikuzaliwa kwa mambo hayo.

Kisha duka lake la vitenge likaanguka. Alikuwa amekopa kwenye likelemba, kikundi chao cha akiba, akaagiza vitenge vya sikukuu vilivyochapwa jina la kanisa. Wiki ya sikukuu kanisa likagawanyika pande mbili. Hakuna upande uliotaka kuvaa jina ambalo upande mwingine ulikuwa bado unalidai.

Kambini mtu hafilisiki mbele ya hakimu. Anasimama katikati ya likelemba, anasema nimeshindwa, kisha wenzake wanapita nyumbani kwake kuchukua makochi, redio, kabati. Ila hawagusi kinacholisha watoto. Cherehani ya fundi hubaki, jembe hubaki. Sheria hiyo walitoka nayo Fizi, kwao Kongo. Ni nyepesi kubeba kuliko godoro.

Basi Lwaboshi, aliyelikinga gari na kazi miaka yote, sasa alitakiwa kuonyesha kwamba halijawahi kupumzika. Alilipaka matope kwa kiganja, taratibu, kama anayempaka mtoto mafuta. Akapanga vikapu vya nyanya kiti cha nyuma. Vitambaa vya Antoinette alisahau kuvitoa.

Mama Gloriose, mkuu wa likelemba na muuza samaki, alifika na wajumbe wake, akalizunguka gari.

“Mama, iyi gari njo jembe yangu,” Lwaboshi alisema, akiapa kuwa ndilo linalolisha watoto wake.

“Jembe gani haiyaona udongo, baba Cadeau?” Gloriose aliuliza, akimwita kwa jina la mwanawe.

“Matope si hii?”

Gloriose akafungua mlango, akaingiza kichwa, akavuta pumzi ndefu.

“Inanuka marashi. Kesho ibebe samaki zangu mupaka soko ya Area 23, kule Lilongwe. Ikirudi, nitanusa tena.”

Asubuhi magunia ya usipa yalikaa walipokaa maharusi, na yenyewe yaliegemea. Lwaboshi aliendesha akiwa ametoa kichwa dirishani. Kwenye kizuizi cha Lumbadzi askari aliinama kukagua, akasema haraka zikomo, asante ya Kichewa, akampisha. Sokoni Area 23 wanawake watatu walimwomba arudi tena, kwa sababu hakuna dereva aliyewahi kushusha gunia la samaki kwa adabu kama ile.

Jioni Gloriose alinusa. Alifumba macho kama aliye kwenye maombi.

“Njo jembe,” akawaambia wajumbe. Wakabeba makochi, gari wakaliacha.

Jumamosi mama mmoja alikuja kuliazima kwa harusi ya bintiye, akafungua mlango, akaufunga polepole, akasema maharusi wangetembea, hewa ni nzuri. Lwaboshi alibaki ndani, mikono kwenye usukani.

“Antoinette, inanuka sana?”

Mkewe aliingia, akakaa kando yake, akaegemea.

“Inanuka nsima, bugali ya batoto,” alisema, akaanza kukunja vitambaa vyake, kimoja kimoja.