Barabara ya Haron Obwocha

Ifahamike kwa umma kwamba barabara itokayo sokoni hadi kituo cha kununulia majani chai, yenye urefu wa kilomita mbili nukta nne, itaitwa Barabara ya Haron Obwocha, kwa kutambua ushindi wa mwanariadha huyo katika mbio za ng'ambo, na ili jina lake lidumu katika ardhi ya kwao kizazi baada ya kizazi. Ndivyo mgeni rasmi alivyosoma miaka sita iliyopita, hapa Nyamira, akishikiliwa mwavuli. Mafundi waliosimamisha kibao cha jina hilo walilipwa na Haron mwenyewe, kwa kuwa bajeti ilikuwa imechelewa.

Wakati huo alikuwa bado anakimbia. Alikimbia miaka kumi na mmoja, katika miji ambayo mama yake, Esnah, hakuwahi kujifunza kuitaja, na kila aliporudi alipokewa na watu wenye shida zilizopangwa vizuri. Pesa za mbio huja mara mbili kwa mwaka. Karo, matanga na mabati huja kila wiki. Hakuwa mlevi wala mcheza kamari, jambo lililowanyima majirani maelezo rahisi. Alianza ghorofa ya vyumba tisa. Kabla haijafika paa, kano ya kisigino ikakatika, na kwa kuwa ghorofa isiyokwisha huonekana hadi kilima cha pili, akakopa benki. Dhamana ilikuwa eka mbili za chai za marehemu baba yake, ambazo Esnah alikubali ziandikwe jina la mwanawe.

Sasa eka hizo zilikuwa zipigwe mnada Jumatatu saa tano. Afisa wa mikopo mjini Kisii alikubali kuusimamisha kwa sharti moja: laki nne, mezani kwake, kabla ya saa nne asubuhi hiyo.

Ijumaa Haron aliuza gari lake la mwisho pale sokoni Daraja Mbili, kwa mfanyabiashara wa ndizi aitwaye Ogoti. Ogoti alitaka kwanza apigwe picha na bingwa. Ndugu zake nao wakataka. Walipomaliza, benki ilikuwa imefunga. Jumamosi benki ilifunguliwa hadi saa sita, lakini Haron ni Msabato, na Msabato hapeleki pesa benki siku ya Sabato hata shamba likiwa linaungua. Kwa hiyo laki nne zilikaa ndani ya mkoba wa mkewe, Nyanchera, bila kazi.

Jumapili zikapata kazi. Kulikuwa na harambee ya paa la kanisa, na mgeni wa heshima alikuwa Haron, kadi zikiwa zimechapishwa miezi miwili kabla.

"Sema unaumwa," Nyanchera alimwambia asubuhi.

"Nikiumwa watakuja kuniombea. Wataona hakuna gari."

"Basi elfu tano. Baba Natasha, niangalie. Elfu tano."

"Elfu tano."

Nyanchera aliubeba mkoba, kwa sababu ghorofa ilikuwa na vyumba tisa na mlango mmoja tu, bila pa kuficha pesa. Walienda kwa miguu. Waliowauliza waliambiwa bingwa anafanya mazoezi.

Ogoti alifika kwa gari, na watu walilitambua, ila wakadhani Haron amemwazima. Alitoa elfu hamsini. Zachariah, aliyeongoza shughuli, akazihesabu kwenye kipaza sauti, noti baada ya noti, kama ilivyo desturi.

"Mwenye ndizi ametoa hamsini," alisema. "Sasa tumsikie mwenye barabara. Watu wangu, huyu ana barabara. Sisi wengine hata njia ya kwenda chooni haina jina."

Watu walicheka. Haron alisimama, bahasha ya elfu tano mfukoni, mkono ukiwa juu yake. Mbele kabisa Esnah alikuwa akirekebisha leso. Hakuna aliyekuwa amemwambia habari za Jumatatu.

"Mimi na familia yangu," Haron alianza, akamtazama mama yake.

Zachariah alisubiri. Nyanchera alikuwa amekumbatia mkoba kwa mikono yote miwili.

"Mwacheni apumue," mama mmoja alisema kutoka nyuma. "Ametoka mbali."

"Mimi na familia yangu tutatoa laki moja."

Makofi yalikuwa bado yanapigwa alipofika alipoketi mkewe.

"Mama Natasha, lete."

"Nilete nini?" Alikuwa anatabasamu, kwa ajili ya watu.

"Wanaangalia."

"Hata mimi naangalia."

"Zitabaki laki tatu. Nani hukataa laki tatu?"

Esnah alikuwa amesimama, anapiga vigelegele. Nyanchera alimtazama mama mkwe wake kwa muda, kisha akafungua mkoba.

Jumatatu saa tatu na nusu walikuwa mbele ya afisa. Haron aliziweka noti mezani, akasimama wima, kama mtu aliyezoea kutangaza.

"Leo nimekuja na laki tatu. Hiyo moja niandikie kama ahadi."

Afisa alikuwa kijana mpole. "Mzee, hapa hatupokei ahadi."

"Kila mahali wanapokea."

"Huko ni harambee. Mkataba wetu unasema nne."

Nyanchera alitoka nje na simu. Dada yake alikuwa na elfu kumi na mbili. Zachariah alisema pesa za kanisa zimeshalipia mabati, Mungu awabariki. Ogoti hakupokea. Saa nne afisa alitazama saa ukutani, akazifunga noti zao vizuri kwa mpira, akawarudishia.

Ogoti hakupokea kwa sababu alikuwa ameshawahi mahali pa mnada, akingoja saa tano. Alilinunua shamba, kwa bei ambayo baadaye aliieleza kuwa ya kumheshimu bingwa. Hati ikatoka kwa jina lake mwezi wa nane. Kibao cha barabara hakijaguswa; dalali alikuwa amekitaja kwenye tangazo la mnada kama alama ya kufikia shamba, ili wanunuzi wasipotee.