Gauni la Ndani

Mgongo ndio uliompeleka fundi kwenye yoga. Miaka minane ya kuinamia cherehani ilimfanya ainuke kitini kwa awamu: kwanza mikono, kisha kiuno, kichwa mwisho. Muuguzi wa zahanati alimwambia aache kubugia vidonge, akajinyooshe na wenzake Jumamosi asubuhi kwenye ukumbi wa shule ya msingi.

Jumamosi ya tatu, wakiwa wamelala chali, mwalimu wao aliwaambia yoga si kukunja miguu tu. Ina miiko yake, na mmojawapo ni kutoiba. Mama mmoja mnene aliyelala karibu na mlango akasema wao pale wanaiba usingizi tu, ukumbi mzima ukacheka. Mwalimu naye akacheka, kisha akaeleza kwamba kutoiba ni kutochukua usichopewa, kiwe kitu cha mtu, uwe muda wake, liwe jina lake zuri. Wajaribu wiki moja, waone.

Fundi alijisemea moyoni kwamba hilo kwake ni jepesi. Ndipo likamjia gauni la bintiye, na mgongo ukakaza upya.

Lilikuwa la samawati, lenye maua madogo meupe. Mwaka uliopita bibi mmoja, mwalimu mstaafu wa mtaa wa pili, alimletea mita nne za kitambaa, akitaka gauni lake na la mjukuu wake, wavae sare siku mtoto atakapomaliza chekechea. Fundi alikitandaza mezani, akachora kwa chaki, akaona kinatosha magauni yote mawili barabara. Lakini chini ya meza alikaa bintiye wa miaka mitano, amejifunika uso kwa pindo la kitambaa kile, ananong'ona na maua. Mtoto yule alikuwa hajawahi kuvaa kipya kisichotokana na vibaki.

Bibi alipokuja kuchukua, aliambiwa kitambaa hakikutosha kutoa la mjukuu. Akashangaa. Fundi akajibu haraka, macho yakiwa kwenye sindano, "Labda aliyekuuzia alikupunja kwenye vipimo."

Neno hilo halikulala pale. Bibi alikwenda moja kwa moja kwa muuza vitambaa, duka la tatu kutoka kwa fundi, akamsema barazani mbele ya wateja. Mzee wa watu alitoa rula yake ya mita, akaapa kwa kila alichoweza kuapia. Nani amsikilize? Mwezi haukwisha, mtaa mzima ulikuwa ukimwita Mkono Mfupi. Fundi aliyasikia yote, akajikausha, akaendelea kukanyaga cherehani. Na mzee yule hakuacha kumwelekezea wateja, akiwaambia huyo ndiye fundi mwaminifu.

Binti naye alipewa gauni kwa sharti moja: hili ni la ndani. Mtu akipiga hodi, mtoto alikimbia kubadili, hata bila kuambiwa.

Jumamosi hiyo, fundi aliporudi kutoka yoga, alimkuta amelivaa. Lilikuwa limeanza kumbana kwapani. Mtoto akalilaza lile pindo kwa kiganja, akauliza, "Mama, gauni hili lina kosa gani?"

"Halina kosa."

"Basi ni mimi?"

Fundi alimvua taratibu, akamkumbatia akiwa na shimizi tu, na aibu ikamchoma usoni kama mvuke wa pasi. Kumbe aliyefundishwa kujificha hakuwa mwizi.

Jumatatu, mtoto alipokwenda shule, alilifua gauni, akalipiga pasi, akalipeleka kwa bibi. Alieleza amesimama mlangoni, maana hakuwa na uso wa kukaa. Bibi alilipima gauni kwa macho, akasema mjukuu amekua, halimwingii tena. Fundi alidhani atatukanwa. Badala yake bibi alitafuta viatu vyake.

"Na mimi nilimwita mtu mwizi," alisema. "Twende."

Dukani, muuza vitambaa aliwasikiliza bila kuwakatiza. Kisha akalitandaza gauni mezani, akakadiria kwa viganja vyake, sketi, kifua, mikono. Midomo yake ilikuwa ikihesabu.

"Kumbe nilipima sawa," alisema polepole. "Nilianza kujitilia shaka, mwanangu. Tangu siku ile kila mteja namwongezea shibiri, nisije nikawa napunja bila kujua."

Fundi aliomba radhi, akataka kupiga magoti. Mzee alimzuia kwa kumshika kiwiko, si kwa ukali. Alisema msamaha ameusikia, lakini hapo ndani sasa wanajua watatu tu, na jina lile hakupewa ndani. Akamwonyesha mlango kwa kidevu.

Barazani walikuwapo mshona viatu, wanawake wawili wakisubiri mvua ipungue, na yule mama mnene wa yoga, ameshika mwavuli. Bibi alisimama upande mmoja, mzee upande mwingine. Fundi aliinua gauni kwa kulishika mabegani, watu wote walione.

"Mita zilikuwa nne," alianza kwa sauti ndogo.

"Ongeza sauti, fundi," alisema mshona viatu, akiacha nyundo. "Mvua hii, hatukusikii."

Ikabidi aanze upya.