Bomba Lililopakwa Mawese

Mpaka leo mtu akiniambia kwamba nyaya kumi ni nyaya kumi, damu inanipanda. Miaka ya sabini nilikuwa fundi umeme wa serikali pale Kibondo, nimeletwa kutoka Tanga, na kazi yangu ilikuwa kuzungukia vijiji vyenye jenereta. Havikuwa vingi. Kimoja kilikuwa njia ya Kasulu, na hicho ndicho kilichonitia hasira ambayo haijatoka. Kabla ya hapo nilikuwa mtu wa kucheka.

Kijiji hicho kilikuwa kimepewa jenereta, mashine ya kusaga na msumeno wa kupasulia mbao. Zamani wanawake walitwanga, au walijitwika mahindi wakayapeleka mbali kusaga. Mashine zote mbili ziliwekwa ndani ya banda moja, na jenereta ikajengewa kibanda pembeni. Mimi nilitakiwa kupitisha nyaya kutoka kibandani hadi kwenye mashine, ndani ya bomba la chuma lililozikwa chini ya sakafu.

Nieleze jambo moja, maana ugomvi wote ulianzia hapo. Bomba halichaguliwi kwa kuhesabu nyaya. Mashine ya kusaga inakula umeme mwingi, kwa hiyo nyaya zake ni nene. Za msumeno ni za wastani, za taa ni nyembamba. Ukitaka kuzichanganya, unapima kila waya pamoja na gamba lake la plastiki, unatafuta eneo la mduara wake, unajumlisha yote, kisha unalinganisha na nafasi ya ndani ya bomba. Nyaya zisijaze hata nusu ya nafasi hiyo. Inayobaki si hasara. Inakuwezesha kuvuta nyaya bila kuzichuna, na inalipa joto pa kwenda. Tena waya wenye upana mara mbili hauchukui nafasi mara mbili, unachukua mara nne. Kikapu kinachobeba viazi kumi hakiwezi kubeba maboga kumi, hata mtoto analijua hilo.

Nilipiga hesabu, nikamwambia mwenyekiti wa kijiji kwamba tunahitaji bomba pana kwa ajili ya mashine ya kusaga peke yake, na jembamba kwa ajili ya msumeno na taa. Jembamba lilikuwepo stoo. Pana lilikuwa Kasulu, likingoja gari. Nikamwomba asubiri, akakubali. Kisha malaria ikaniangusha, nikalazwa hospitali Kibondo.

Nikiwa kitandani, kijijini wakapata habari kwamba kiongozi atakuja kuzindua mashine. Mwenyekiti hakusubiri tena. Kwenye mabomba membamba kulikuwa na kibandiko cha kiwandani kilichosema kwamba bomba moja linachukua nyaya kumi. Kiwanda kilikuwa na maana ya nyaya nyembamba za taa, zote saizi moja. Mwenyekiti akahesabu zetu: nne za kusaga, nne za msumeno, mbili za taa. Zikatimia kumi, akafurahi.

Akatangaza kazi ya pamoja, kijiji kizima kikaja. Nyaya zikagoma kuingia. Mtu mmoja akaleta mawese. Upande ule mawese ni dawa ya kila kinachokwama: wanapikia, wanajipaka, wanalainishia bawaba. Basi wakazipaka nyaya mawese, wakazifunga kamba, wakazivuta kwa wimbo kama wanaovuta gogo kutoka bondeni. Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno, lakini wahenga hawakuwahi kuvuta waya. Bomba likafukiwa, saruji ikamwagwa, sakafu ikasuguliwa mpaka ikang'aa.

Nilipopata nafuu sherehe ilikuwa imepita. Nilimwambia mwenyekiti kwamba bomba lile litoke kabla halijaua mtu. Akanijibu kwa upole, na upole huo ndio ulioniudhi, kwamba kiongozi mwenyewe alibonyeza swichi na unga ukatoka. Akauliza mimi ni nani nivunje sakafu aliyoikanyaga. Nikaenda kwa mkubwa wangu wa kazi Kibondo. Naye akaniambia nisitafute ugomvi na wananchi. Nikatoka ofisini kwake nikiwa natetemeka, na safari hii haikuwa malaria.

Aliyekuwa akiendesha mashine ya kusaga alikuwa mtu wa makamo kutoka Burundi, aliyevuka mpaka na mke na watoto wakikimbia mauaji. Kwao aliwahi kuendesha mashine ya misheni kwa miaka. Alikuwa mkimya, na mashine aliipenda. Akiifungua alipanga nati zake juu ya kitambaa kama mwanamke anayepanga vikombe vya wageni.

Mavuno yalipoanza, foleni ikawa ndefu na fyuzi zikaanza kukatika. Msagaji alishika mdomo wa bomba akakuta ni moto, na tangu siku hiyo kila ulipochemka alizima, akangoja upoe. Watu wakanung'unika. Mwenyekiti akamwambia atoe fyuzi aweke msumari, kama alivyosikia wanafanya kwingine.

"Oya," alisema msagaji, akimkatalia kwa lugha ya kwao. "Banda litaungua, na watu wamo."

Adhuhuri moja msumeno na mashine ya kusaga vilipokuwa vinafanya kazi pamoja, ukasikika mlipuko, moshi ukatoka kwenye bomba, kila kitu kikazima. Haikupita muda, neno likaanza kutembea kijijini: mhujumu. Alikuwa akizima makusudi, walisema. Alikataa amri ya mwenyekiti, walisema. Si Mrundi yule? Watu aliowasagia mahindi, akawafungia magunia kwa mikono yake, ndio waliosema. Mwenyekiti akapeleka habari wilayani, ikaamuliwa kwamba ahamishwe na familia yake apelekwe kwenye makazi ya wakimbizi upande wa Tabora. Lori lilikuwa lije Jumamosi.

Mimi nilifika Ijumaa, na pikipiki yangu, nimeitwa kutazama mashine. Nilipitia kwanza nyumbani kwa msagaji. Mkewe alikuwa shambani aking'oa mihogo ambayo haijakomaa, maana hakutaka kuiacha. Yeye alikuwa amekaa juu ya fungu la mikeka. Nikamuuliza ilikuwaje. Hakujitetea, alisema tu kwamba bomba lilikuwa linachemka. Nikamwambia anifuate bandani.

Niliuchukua mtaimbo uliokuwa nyuma ya jenereta, nikaanza kuvunja sakafu. Sijawahi kuvunja kitu kwa raha kama siku ile. Kelele zikawaleta watu, na mwenyekiti akaja akitembea haraka, shati halijafungwa vifungo.

"Fundi, nani amekupa ruhusa?"

"Hakuna."

"Utaijenga wewe?"

"Nitaijenga. Lakini kwanza utaangalia."

Akasimama akaangalia. Nililifikia bomba, nikalikata kwa msumeno wa chuma, nikazivuta nyaya. Hazikutoka moja moja, zilitoka bonge moja. Mle ndani mawese yalikuwa yamechanganyika na masizi, na pale ambapo joto halikufika yalikuwa yameganda kwa baridi ya nyanda zile za juu. Magamba yalikuwa yamechunika tangu siku ya kuvutwa, mengine yameyeyuka na kushikana, na shaba ilikuwa inagusana na shaba. Nililitupa bonge lile miguuni pa mwenyekiti, mbele ya watu wote. Nikawaambia hakuna mkono wa mtu uliofika humo ndani tangu saruji imwagwe. Waliovuta wanajijua. Na mtu mmoja tu ndiye aliyekataa kuweka msumari, la sivyo wangekuwa wanazika.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Nilingoja wampe. Mwenyekiti aliligeuza bonge lile kwa ncha ya kiatu, akaligeuza tena. Kisha akasema lori litaambiwa lisije, bomba pana lifuatwe Kasulu kesho, na kina mama walete kokoto za kuzibia sakafu. Watu wakaanza kupumua, wengine wakacheka kidogo. Ilikuwa imekwisha, kwao.

Msagaji alikuwa amesimama mlangoni. Alisema polepole, kwa Kiswahili chake cha kupanda na kushuka:

"Mwenyekiti, sasa mimi naitwa nani?"

Niliwatazama mmoja mmoja, kila mtu akapata kitu cha kutazama chini. Mwenyekiti akafunga kifungo cha shati.

"Hayo yamepita," alisema. "Tufanye kazi."

Nilitaka msagaji aondoke. Nilitaka awaache na mahindi yao wakatwange. Lakini alikuwa na watoto wa kulisha, na mihogo ilikuwa imeshang'olewa. Akainama, akajaza karai vipande vya saruji, akajitwika, akaelekea nje. Wale waliomwita mhujumu walimpisha njia apite na mzigo wake, na hakuna hata mmoja aliyempokea.