Mpiga Picha wa Muleba na Picha Asiyokuwa Nayo

Ildefons Byabato amepiga picha Muleba kwa miaka ishirini na sita. Amepiga maharusi, wahitimu, watoto wa komunyo ya kwanza, wagombea walioshinda na, kwa bei ileile, walioshindwa. Vitambulisho vingi vya wilaya hii vina sura iliyowahi kukaa kwenye kigoda chake, mbele ya shuka la bluu, ikaambiwa, "Inua kidevu, usicheke, serikali haipendi." Studio yake iko karibu na stendi, na ukuta wake mmoja umejaa watu ambao hawakurudi kuchukua picha zao. Anawafahamu wote kwa sura. Majina yao yamempotea, na kwa kazi yake huo hauhesabiwi kuwa ugonjwa.

Jumanne moja alfajiri mama yake, Ma Agnetha, alifariki hospitalini Bukoba. Alikuwa na miaka themanini na mmoja au themanini na minne, inategemea unaamini cheti cha ubatizo au ulikuwa unamwamini mwenyewe. Maziko yakapangwa Alhamisi saa nane mchana, nyumbani Kamachumu. Turubai likafungwa, mikungu ikakatwa, na kufika saa tano asubuhi dada yake Ildefons, Joanitha, ambaye katika ukoo ule ndiye amepewa kazi ya kukumbuka mambo, akauliza swali lililoonekana dogo.

"Picha ya kutangulia jeneza anayo nani?"

Watu wote wakamgeukia Ildefons.

"Picha ya mama?" akauliza.

"Hapana, ya mkuu wa wilaya," Joanitha akajibu. "Ya mama, Ildefons. Ya mama."

Hakuwa nayo. Hakuwa na hata moja. Ma Agnetha aliamini picha ni za watu wenye nafasi, na yeye nafasi hakuwahi kuwa nayo. Kwenye sherehe, kamera ikitokea uani, yeye yuko jikoni. Ikifika jikoni, ameshaingia shambani kutafuta majani ya migomba ya kufunikia chungu. Kadi yake ya kupigia kura ilikuwa na sura ya ukubwa wa kucha ya kidole gumba, lakini miaka aliyoibeba ndani ya fundo la kanga ilikuwa imefuta uso wote na kubakiza shingo.

"Mtu mzima na studio yake," Joanitha akasema, "na mama tunamzika kama mtu aliyeokotwa barabarani."

Hapo ndipo Ildefons alipokumbuka. Mwaka 2011, walipokuwa wanamuaga binti wa Joanitha anayekwenda kuolewa, alimvizia mama yake nyuma ya nyumba anamenya ndizi, akabonyeza mara tatu kabla hajakimbia. Picha hizo hazikusafishwa kamwe kwa sababu hakuna aliyeziagiza, na Ildefons ni mtu wa utaratibu. Zilikuwa bado ndani ya kadi ya kamera yake ya wakati ule, kadi za zamani, pana na nene kama biskuti. Kamera yenyewe ilikwisha kufa. Kadi za siku hizi zina ukubwa wa mbegu ya tikiti, na hakuna kifaa cha siku hizi kinachopokea biskuti. Kilichobaki ni kisoma kadi kimoja cheusi, chenye waya wake wa kuunganisha kwenye kompyuta, ambacho watu wa kazi hiyo hukiita rida.

Kadi na rida vilikuwa studio, ndani ya kopo la biskuti, na kopo lilikuwa limejaa kahawa.

Hili linahitaji maelezo. Huku kwetu mvua haina msimu wa kupumzika, na vifaa vya umeme huota ukungu kama mkate. Binamu mmoja wa Dar es Salaam alimshauri Ildefons avitunze ndani ya mchele mkavu. Ildefons akaona mchele ni chakula cha Krismasi. Emwani, kwa upande mwingine, ipo kila nyumba: kahawa inayochumwa mbichi, ikachemshwa na majani yenye harufu, ikakaushwa mpaka inagonga meno, na mgeni hupewa aitafune kabla hajaulizwa amefuata nini. Kama kuna kitu kikavu kuliko emwani, Muleba bado hakijafika. Kwa hiyo alijaza kopo, akazika humo rida na kadi, akafunga. Miaka kumi na zaidi baadaye, Jumanne hiyo, akarudi studio akafungua, na hapakuwa na ukungu hata chembe. Alijisifu.

Kisha akachomeka rida kwenye kompyuta. Taa nyekundu ya rida ikawaka. Kompyuta ikatoa mlio wa mtu anayeguna usingizini, na kwenye kioo pakatokea maneno kwamba kifaa kilichounganishwa hakitambuliki.

Alichomoa, akachomeka tena. Hakitambuliki. Akahamia tundu jingine la kompyuta. Akaizima kompyuta, akaiwasha. Akaitoa kadi, akaifuta kwa shati, akairudisha. Taa iliwaka kila mara, kwa uaminifu, na kila mara kompyuta ikasema haimjui huyu.

Akamwita Faruku, fundi simu wa mlango wa pili, kijana mwenye jibu la kila kitu na mara nyingine mawili.

"Pole na msiba, Ta Ildefons," Faruku akasema kwa adabu ya huku ya kumwita mtu mzima, akakaa mbele ya kompyuta. "Hii ni window. Window ikizeeka inasahau vitu."

"Inasahau vipi?"

"Kama sisi tu. Tuipige upya."

"Upige window, na picha zangu zote zilizomo humu?"

"Hizo zitaondoka kidogo."

Ildefons akakataa. Faruku, bila kinyongo, akaleta kompyuta yake mwenyewe, mpya, yenye window ya mwaka huu. Taa ikawaka. Kifaa hakitambuliki.

"Sasa yangu ni nzee na yako ni changa," Ildefons akasema. "Zote zimesahau?"

"Hapo sasa ni draiva."

"Draiva ni nini?"

Faruku akafikiri. "Ni kitu ambacho hakipo."

Walikitafuta kitu ambacho hakipo kwenye mtandao mpaka saa kumi jioni. Walipata viwili, wakaviingiza vyote. Walibadilisha waya, na waya mpya ukawasha taa vizuri zaidi. Kwa muda huo wote, jambo moja tu ndilo lililokuwa na uhakika duniani, na Ildefons alilishikilia: "Lakini si taa inawaka?" Hakuna aliyeweza kumpinga.

Kule Kamachumu habari zilikwisha fika, na zilikuwa zimechakatwa. Joanitha alimpigia simu.

"Mama mdogo anasema uache."

"Niache nini?"

"Anasema mama alikataa picha akiwa hai, sasa ameingia humo kwenye mashine anakataa tena. Nusu ya waombolezaji wanamuunga mkono."

Mama mdogo ni Immakulata, mdogo wake marehemu. Ildefons aliutafakari uchunguzi wake kwa haki, akaulinganisha na ule wa Faruku, na hakuona ni wapi ulipungukiwa.

"Na nusu nyingine?"

"Nusu nyingine wanauliza kama kweli una studio."

Jumatano asubuhi alipanda gari lililokuwa linakwenda Bukoba kuchukua jeneza. Akashuka sokoni na rida mfukoni, kadi ndani ya bahasha, bahasha ndani ya soksi, na soksi ndani ya mfuko wa koti. Alikuwa ameelekezwa kwa Mwamvita, mwanamke wa makamo mwenye steshenari ya kuchapa na kurudufu, mzaliwa wa mjini kama babu yake, anayesifika kwa kufufua kompyuta za ofisi ambazo hazitajwi.

"Karibu, baba. Pole kwa safari."

Akaeleza msiba. Mwamvita akampa pole ya pili, akamvutia kiti, akaipokea rida kwa vidole viwili.

"Rida ya namna hii nimeiona mara ya mwisho nikiwa chuo. Uliitoa wapi?"

"Niliinunua."

"Sikatai." Akaichomeka. Taa ikawaka. Kifaa hakitambuliki.

"Taa inawaka," Ildefons akasema.

"Naiona."

"Yaani ni nzima. Ni window, au draiva. Au ni mambo ya kifamilia."

Mwamvita hakuuliza mambo ya kifamilia. "Baba, taa inakuzuga. Taa shida yake umeme tu, hata ukigusishwa kidogo inaridhika. Kusoma kadi ni habari nyingine, kunataka waya ushike barabara." Akauchomoa waya upande wa rida, akauchomeka kwenye kifaa kingine mezani: ukaingia mpaka mwisho, ukalia tak. Akaurudisha kwenye rida: ukasimama njiani, umebakiza upana wa ukucha, wala haukulia. Akausukuma. Ukagoma.

"Umeona? Haufiki nyumbani."

Ildefons aliona, lakini hakuelewa alichokiona. Siku nzima jana walibadilisha kila kitu kilichoweza kubadilishwa: tundu, waya, kompyuta, draiva. Hakuna aliyetazama ndani ya tundu la rida yenyewe, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyokuwa inawaka taa.

Mwamvita aliinua rida puani. Akanusa. Akamtazama Ildefons, akanusa tena.

"Mbona inanukia emwani?"

Akaelezwa habari za kopo. Alisikiliza hadi mwisho, bila kukatiza, kama mtu anayesomewa hukumu ya jirani.

"Wenzako huweka mchele," hatimaye akasema.

"Mchele ungeleta panya."

"Panya angetoka mwenyewe."

Akachukua sindano ya kushonea na taa ya simu. Lililotoka kwanza lilikuwa ganda la kahawa, jeusi, limejikunja na kujibana ndani ya tundu kana kwamba lilichongwa kwa ajili yake. Likafuata la pili, dogo zaidi, na mwisho unga. Aliyapanga kwenye karatasi nyeupe. Ildefons akayainamia akayatazama. Ile kahawa aliichemsha mama yake, akaikausha juu ya mkeka wake, akampa kopo zima na kumwambia mgeni asikae mdomo mtupu studio.

Waya ukaingia. Tak. Kompyuta ikatoa mlio mwingine kabisa, mfupi, wa heshima, na picha mia nne na kumi na mbili zikajipanga kwenye kioo.

"Yuko wapi humu?" Mwamvita akauliza.

"Nyuma ya nyumba. Endelea. Huyo ni diwani. Endelea."

Ya kwanza ilikuwa mgongo, kitambaa cha kichwa na mkungu wa ndizi. Ya pili ilikuwa imetikisika, ikaonyesha mtu aliyeanza kuwa moshi. Ya tatu ilikuwa imetulia vizuri, mwanga mzuri, kazi ya fundi. Katikati yake kulikuwa na kiganja cha Ma Agnetha, kimenyooshwa kuelekea kamera, cheusi kwa utomvu wa ndizi, kimeziba nusu ya picha. Kati ya kidole gumba na cha shahada lilionekana jicho moja, kali, na kipande cha mdomo uliokuwa katikati ya neno.

Mwamvita alisogeza kiti karibu na kioo.

"Alikuwa anasema nini?" Mwamvita akauliza.

"Kwamba natia kivuli kwenye ndizi zake."

"Baba, mkono naweza kuuondoa."

"Na chini yake patakuwa na nini?"

"Hapatakuwa na kitu. Nitaweka jicho, nitaweka shavu."

"Shavu la nani?"

"La mama yeyote wa umri huo. Ninayo mengi."

Ildefons alizijua kazi hizo. Yeye mwenyewe amewavalisha marehemu suti ambazo hawakuwahi kuzigusa, na mara moja alimpa mzee wa Muhutwe nywele. Familia zilishukuru. Kwa hiyo alifumba macho ili aikumbuke sura ya mama yake na kumwelekeza Mwamvita ni shavu la namna gani. Akakaa hivyo kwa muda. Aliupata mkono. Aliipata sauti, kitambaa, namna ya kukaa na ndizi magotini. Shavu halikuja. Maelfu ya mashavu ya watu wa Muleba yalipita, yameinua kidevu, hayacheki.

"Shavu la duara?" Mwamvita akasaidia.

"Sijui," Ildefons akasema, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeulizwa jina lake akalikosa. Kisha: "Ichape hivyohivyo."

"Na mkono?"

"Pamoja na mkono. Karatasi kubwa."

Kamachumu walikaribia kuikataa. Gozbert, katekista, aliigeuza fremu juu chini kutafuta upande wa kutazama. "Marehemu ni yupi hapa?" akauliza. Joanitha aliishika kwa mikono miwili, akaitazama muda mrefu, midomo imekazwa.

"Hii ni picha, Ildefons, au tumefukuzwa?"

"Ndiyo iliyopo."

"Miaka ishirini na sita ya kazi!"

Ni mama mdogo Immakulata aliyetoka jikoni kujua kelele ni za nini, mikono imejaa utomvu. Aliitazama picha akiwa amesimama mlangoni. Bega lake likaanza kutikisika, na watu wakadhani analia, wakasogea kumshika.

"Bojo! Ndiye," akasema, akicheka mpaka akafuta machozi kwa kiwiko. "Ndiye huyo! Mkono huo umenitoa jikoni tangu sijaolewa. Njooni muone, jamani, anawafukuza!"

Wanawake wa jikoni wakaja mmoja mmoja na visu vyao, wakaangalia, na kila mmoja alikuwa na siku yake aliyofukuzwa. Joanitha hakucheka. Ila hakuirudisha tena fremu mezani.

Alhamisi saa nane ndiye aliyeibeba. Njia ya kwenda kwenye makaburi ya ukoo ni nyembamba, inapita katikati ya migomba, na watu walikuwa wengi, wamejazana mbele kama ilivyo desturi ya watu kwenye msiba wa wengine. Joanitha alitokea kona ya nyumba na picha kifuani, jeneza likimfuata. Wa mbele wakageuka, wakaona kile kiganja, na bila kuambiwa na mtu wakasogea pembeni kwenye migomba, wakapisha njia.